Radio Ndogo, Jirani wa Milima Yetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakristu na wageni, Rurambo, siku ya Jubile ya parokia)

   

Tulipopewa kazi ya kusema juu ya historia ya radio ndogo, wengine walituuliza: «Jubile na radio zinapatana wapi? Jubile ni ya Kanisa, radio ni ya watu wa mjini.» Tuliwajibu kwamba Jubile ni siku ya kukumbuka njia ambayo Mungu ametupitisha, na katika njia hiyo kuna sauti nyingi tulizozisikia. Kuna sauti ya kengele, sauti ya katekista, sauti ya mama anayeita watoto jioni. Kuna tena ile sauti yenye kutoka katika kisanduku kidogo kilichowekwa karibu na moto, ambayo ilituletea habari za Bukavu, za Usumbura, za Dar es Salaam na za Roma, sisi wenye kukaa mahali ambapo barua hukawia na motokari haifiki mvua ikinyesha. Sauti hiyo imetutendea mema. Imetutendea mabaya pia. Basi tunaomba ruhusa ya kusema yote mawili.

USIKU AMBAO PILE ZILIKUFA

Tuanze na jambo letu wenyewe. Usiku mmoja wa wakati wa vita, tulikuwa tumeketi wengi katika nyumba moja, tukizunguka radio moja. Pile zake zilikuwa zimechoka. Mchana tulizianika juani, kama tunavyofanya sote, ili zipate nguvu kidogo tena. Habari zilipoanza, sauti ilikuwa nyembamba kama ya mtu mwenye homa. Tulisikia majina ya vilima kimoja kimoja, kisha tukasikia jina la Rurambo, na hapo sauti ikazimika.

Ndugu wapendwa, ninyi mnajua wakati ule ulikuwa wa namna gani. Mtu akisikia jina la kilima chake katika radio, hafikirii arusi. Hatukungoja. Tuliamsha watoto, tukabeba vyungu na mablanketi, tukaingia msituni katika baridi na ukungu. Majirani zetu wa upande wa pili wa mto, ambao hawasemi lugha yetu ya nyumbani, waliona mienge yetu ikitembea gizani. Nao wakasema: «Hawa wanakuja kutupiga.» Wakaamka, wakakimbia pia. Vilima viwili vilikimbiana usiku kucha, wala hapakuwa na adui hata mmoja.

Asubuhi mchuuzi mmoja alipanda kutoka bonde la Ruzizi. Yeye pile zake zilikuwa mpya. Alitukuta tumeketi katika majani mabichi, akatuambia maneno yaliyofuata jina letu: siku ya kuchanja watoto wa vilima hivyo ilikuwa imesogezwa mbele. Ni hayo tu. Mzee wetu mmoja aliteleza usiku ule, akavunjika mguu, na mguu haukunyooka tena mpaka kufa kwake. Mtoto mmoja wa majirani alishikwa na ugonjwa wa mapafu, na mama yake hakurudi naye nyumbani.

Kwa siku nyingi tulilaumu pile. Baadaye tulitambua kwamba kosa lilikuwa letu. Kati ya nyumba zetu na za majirani ni mwendo wa nusu saa. Hakuna aliyevuka mto kuuliza: «Ninyi mmesikia nini?» Tulikuwa na sikio la kusikia mji ulio mbali, hatukuwa na mdomo wa kuuliza jirani. Ndiyo sababu tunapoeleza leo historia ya radio ndogo, tunatafuta jambo moja: radio ifanye nini ili iwe jirani, isiwe mgeni mwenye kupiga kelele usiku na kwenda zake?

WIMBI LENYE KUPANDA MILIMA

Vijana wengi hawajui tena kwa nini zamani tulisikia miji ya mbali, na leo katika mabonde yetu radio ya mjini ulio chini hapa hukatika. Tueleze kwa ufupi.

Radio za kwanza za nchi zetu zilitumia wimbi ambalo mafundi waliita AM. Ukubwa wa wimbi hilo hupanda na kushuka kufuatana na sauti ya msemaji. Katika masafa ya kati, wimbi moja lina urefu wa mita 190 mpaka mita 570 hivi. Kwa sababu ni refu hivyo, hutambaa juu ya ardhi, na kilima hakilizuii kabisa. Tena lina siri ya usiku. Mchana, mwanga wa jua huamsha juu yetu, mahali palipo kilometa 60 mpaka 90 kutoka ardhi, tabaka la hewa lenye kulimeza wimbi. Jua likizama tabaka hilo linapotea, wimbi linapanda juu zaidi, linagonga tabaka lingine na kurudishwa chini, mbali sana na mahali lilipotoka. Kwa hiyo wazee wetu walisema kweli waliposema kwamba radio inaona vizuri gizani.

Radio nyingi za leo zinatumia FM. Wimbi lake lina urefu wa mita 3 tu. Sauti yake ni safi, radi haiikwaruzi. Lakini linakwenda kwa mstari ulionyooka, karibu kama macho yanavyoona. Mtu aliyesimama kileleni, mwenye kuona bonde na ziwa, anasikia. Ndugu yake aliye nyuma ya kilima hasikii kitu. Na kwa nini watu waliacha AM? Kwa sababu ni mzigo. Wimbi la mita 300 linapenda mlingoti wa mita 75 hivi, na mtambo wake unakula umeme mwingi. FM inaridhika na antene fupi na umeme kidogo. Mwenye fedha kidogo anachagua FM, naye ana haki. Lakini tujue kwamba katika mabadiliko hayo watu wa mabonde ya milima wamebaki nyuma, na hakuna aliyewauliza.

RADIO MBILI ZILIZOZALIWA MWAKA MMOJA

Sasa tuseme juu ya radio ndogo zenyewe. Kanisa halikuwa la mwisho. Tarehe 12 Februari 1931 Baba Mtakatifu Pio XI alifungua Radio Vatikano, ambayo mtambo wake ulijengwa na Marconi mwenyewe. Katika Kongo, mwaka 1937, mapadri Wayezuiti wa Collège Albert ya Léopoldville walianzisha radio katika shule yao. Radio kubwa ya serikali, Radio Congo Belge, ilifuata mwaka 1940, wakati wa vita ya dunia. Basi shule ilitangulia serikali. Tunasema hilo bila majivuno, kwa kukumbusha tu kwamba si lazima kungoja wakubwa ili kuanza kazi ndogo.

Lakini mfano wenye kutufundisha zaidi uko ng'ambo ya ziwa letu, katika lugha hii ya Kiswahili tunayoisema. Mwaka 1951 zilizaliwa radio mbili ndogo katika pwani ya mashariki: moja Dar es Salaam, nyingine Unguja.

Ile ya Dar es Salaam iliitwa Sauti ya Dar es Salaam. Ilianza mwezi wa Julai, kwa mtambo wenye nguvu kidogo, na sauti yake haikupita mji na kando kando yake. Mtu wa Kigoma au wa Tabora hakuisikia. Mwaka 1956 ilipewa shirika lake lenyewe na kuwa radio ya Tanganyika nzima. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1965 ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Wazee wetu wenye kupenda muziki wanakumbuka jina hilo, kwa sababu usiku ilivuka ziwa bila mtumbwi.

Watu wengi husifu ukuaji wa mitambo yake. Sisi tunasifu jambo lingine. Mwaka 1973 radio hiyo, pamoja na walimu wa elimu ya watu wazima, ilifanya kazi iliyoitwa Mtu ni Afya. Hawakusema tu katika radio na kunyamaza. Kwanza walifundisha viongozi wa vikundi, mji kwa mji, kijiji kwa kijiji. Waligawa vitabu vidogo vyenye maneno mepesi. Kikundi kiliketi mbele ya radio moja, kikasikiliza, kisha radio ikazimwa na watu wakajadiliana: «Hapa kwetu malaria inatoka wapi? Maji yetu yanachafuka wapi? Juma hili tutafanya nini?» Watu karibu milioni 2 walishiriki katika vikundi hivyo, na vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1975 ilifuata kazi nyingine kama hiyo, Chakula ni Uhai. Ndugu, choo hakichimbwi na radio. Choo kinachimbwa na watu waliosikiliza pamoja, wakaulizana, wakakubaliana siku na jembe.

Sasa tuangalie ile ya pili. Sauti ya Unguja ilikuwa ndogo pia, yenye kusikilizwa na watu wa visiwa na wa pwani. Ilikuwa na studio yake Raha Leo. Alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yalitokea, radio ikatekwa, na John Okello, mwenye kujiita Field Marshal, akaanza kusema ndani yake maneno ya kuua na ya kutisha. Watu waliokuwa wamezoea kusikia pale muziki wa taarabu na habari za soko, walisikia sauti wasiyoijua ikiwatolea hukumu. Wengi sana walikufa katika siku zile.

Tuziweke hizo mbili pamoja. Zilizaliwa mwaka mmoja, zilisema lugha moja, mitambo yao ilifanana. Kumbe ubaya na wema haviko katika mtambo. Viko kwa mtu aliyeshika kinasa sauti, na kwa watu wenye kumsikiliza: je, wana nafasi ya kumwuliza, «Wewe ni nani, na umeyajuaje?»

SAUTI ZILIZOTUPITIA SISI WENYEWE

Hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mifano. Mwaka ule ule wa 1964 uliingia hata kwetu. Tarehe 15 Mei waasi walichukua Uvira. Mwezi wa Agosti walichukua Stanleyville, na radio ya mji ule ikawa mdomo wao, ikitangaza vitisho juu ya wageni walioshikwa mateka. Stanleyville ulikombolewa tarehe 24 Novemba kwa damu nyingi. Siku 4 baadaye, tarehe 28 Novemba 1964, katika jimbo letu la Uvira, Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didoné, Bruda Vittorio Faccin na Abbé Albert Joubert waliuawa huko Baraka na Fizi. Jimbo lilikuwa changa bado; lilikuwa limeundwa tarehe 16 Aprili 1962. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa wenye heri. Wao hawakuwa na radio ya kujitetea. Walibaki na watu wao, na kubaki kwao kumesikilizwa mbali kuliko matangazo yote ya mwaka ule.

Baadaye ulikuja wakati wa sauti moja. Kwa miaka mingi nchi yetu iliitwa Zaïre, na radio ilikuwa ya serikali peke yake: La Voix du Zaïre. Tulicheza kwa nyimbo zake, tulijua majina ya wakubwa wote wa Kinshasa, lakini jina la daraja letu lililovunjika halikutajwa. Wazee walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka. Radio ya mbali pia haiui nyoka wa hapa.

Tarehe 24 Aprili 1990 mlango wa vyama vingi ulifunguliwa, na sauti nyingine zikaanza kutafuta nafasi. Mwaka 1993, katika Bukavu, mashirika ya maendeleo ya wenyeji yaliunda Radio Maendeleo. Ilikuwa radio ya watu wa jimbo, yenye kusema juu ya mashamba, afya, haki na soko. Wengi waliipenda kwa sababu waliwajua wenye kusema ndani yake. Waliweza kuwakuta njiani na kuwagombeza. Kwa sababu hiyo hiyo wenye bunduki hawakuipenda. Mwezi wa Julai 1999, wakati RCD ilipotawala Bukavu, ilifungwa. Ilifunguliwa tena mwaka 2001, ikafungwa tena mwezi wa Desemba 2002, kisha ikarudi. Tukumbuke hilo: radio yenye kusema kweli juu ya mahali padogo inaweza kuogopwa kuliko radio kubwa yenye kusema juu ya dunia nzima.

Mwaka ule ule wa 1993, mwezi wa Julai, ng'ambo ya pili ya mpaka, Kigali, ilianza radio nyingine, RTLM. Vijana waliipenda, kwa sababu ilicheka, ilipiga muziki mzuri, ilisema kama watu wa njiani. Ndani ya kicheko kile kulikuwa na sumu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, ilitaja watu kwa majina, ikasema wamejificha wapi, na wauaji wakaenda huko. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu watu watatu kwa kazi ya radio hiyo na ya gazeti la Kangura. Mahakama ilitambua wazi kwamba neno linaweza kuwa panga.

Lakini Mungu hakuacha sumu bila dawa. Mwezi wa Agosti 1994, katika Bukavu iliyojaa wakimbizi, ilianza radio ndogo iliyoitwa Agatashya, maana yake mbayuwayu mdogo. Haikuwa ya upande wowote. Iliwaambia wakimbizi maji yako wapi, chanjo ni lini, mtoto aliyepotea anatafutwa na nani. Ilisema mpaka Oktoba 1996, vita ilipofika mjini na kuinyamazisha. Mwaka 2002 wale walioianzisha walishirikiana na Umoja wa Mataifa kuunda Radio Okapi, yenye kusema Kifaransa na lugha zetu nne, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Hapo tena kweli ililipiwa bei: Serge Maheshe aliuawa Bukavu tarehe 13 Juni 2007, na Didace Namujimbo tarehe 21 Novemba 2008. Tuwakumbuke katika sala zetu za leo.

Na sisi wa milima? Mwezi huo wa Oktoba 1996 tangazo la mkubwa mmoja wa Kivu Kusini liliwapa Banyamulenge siku chache za kuondoka katika nchi. Maneno machache tu yalitoka katika mdomo mmoja, na tangu hapo vilima vyetu vimezika watu wa kila kabila: Wafuliru, Wanyindu, Banyamulenge, Wavira, Wabembe. Hatutaki leo kuhesabu nani alizika zaidi. Kila nyumba ina makaburi yake. Tunasema tu kwamba kila mara, kabla ya bunduki, lilitangulia neno. Na kila mara neno lile lilitukuta tumetengana, kila kilima na radio yake, kila lugha na uvumi wake.

TUFANYE NINI?

Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa pili, tarehe 4 Desemba 1963, ulitoa andiko lake juu ya vyombo vya habari, Inter mirifica. Kufuatana na mafundisho hayo, vyombo hivi ni zawadi, na wenye kuvipokea wana wajibu kama wenye kuvitumia. Sisi mara nyingi tunalaumu wenye kusema. Leo tujiulize wajibu wetu, sisi wenye kusikia.

Vijana wetu wamekuwa wakisema: «Parokia itafute radio yake, hapa juu.» Ni wazo jema, wala hatulikatai. Kilele kinachoona bonde ni mahali pazuri pa antene, na jua linaweza kutoa umeme wa mtambo mdogo. Lakini tumewaeleza historia hii ili tusianze na mlingoti. Tuanze na masikio.

Tunapendekeza kwanza vikundi vya kusikiliza. Si jambo geni. Katika Kivu Kusini, mama wa vijijini wa chama cha Samwaki, yaani Sauti ya Mwanamke Kijijini, wamefanya hivyo, wakiwa na radio zenye kujazwa kwa jua au kwa kuzungusha mkono. Zile radio hazijui neno «pile zimekufa». Tunaomba kila shirika la parokia liwe na kikundi kimoja. Tena, hapa tunaomba mtusikilize vizuri: kikundi kisiwe cha wakatoliki peke yao, wala cha lugha moja. Waitwe majirani wa ng'ambo ya mto. Waitwe ndugu zetu waprotestanti, ambao katika milima hii ni wengi kuliko sisi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kila kikundi kiwe na daftari moja. Ndani yake yaandikwe mambo matatu: tumesikia nini, tumeisikia wapi na kwa mdomo wa nani, tumeuliza kwa nani ili kuhakikisha. Habari yenye kutaja kilima chochote isibebwe nje ya nyumba mpaka mtu mmoja amevuka mto na kuuliza. Mwendo wa nusu saa! Laiti tungalitembea nusu saa ile usiku ule, tungalikuwa na mguu wa mzee wetu, na mama yule angalikuwa na mtoto wake.

Pili, kama siku moja Mungu akitujalia radio yetu, tukubaliane leo, mbele ya mashahidi hawa, juu ya sheria zake. Msemaji aseme jina lake kabla ya kusema habari. Habari ya ugomvi isitangazwe kabla ya kusikiliza pande zote mbili. Lugha zote za vilima hivi zipate saa yake, na Kiswahili kiwe meza ya wote. Wasimamizi watoke katika kila kabila na kila kanisa. Na mlango wa nyumba ile usifungwe mchana, ili bibi mzee aliyekasirika aweze kuingia na kusema: «Mmesema uwongo juu ya shamba langu.» Radio ambayo bibi huyo hawezi kuingia mlango wake si ya kwetu, hata ikijengwa katika uwanja wa kanisa.

Tatu, tunawaomba mapadri wageni wetu, ninyi mnaoshuka kesho kwenda Uvira na Bukavu, mtubebee ujumbe mmoja kwa wenye radio za mjini: watu wako nyuma ya kilima. Wanapopanga matangazo ya chanjo, ya mitihani, ya usalama, wakumbuke kwamba wimbi lao halifiki katika mabonde yote, na wayarudie kwa njia nyingine: kwa barua ya parokia, kwa katekista, kwa soko. Sisi tutajibu. Daftari zetu zitashuka, na ninyi mtajua tumesikia nini.

Ndugu wapendwa, wale majirani wa ng'ambo ya mto wako hapa leo. Mmoja wao ni mama wa mtoto tuliyemtaja. Tulikwenda kwake kabla ya kuandika maneno haya, tukamwuliza kama tunaweza kuyasema mbele ya watu. Alinyamaza sana. Kisha akatuambia: «Semeni. Lakini mkimaliza, mniletee ile radio nami nisikilize pamoja nanyi.» Basi, mama, kikundi cha kwanza kitaketi kwako, jioni ya Jumapili ijayo, ukikubali. Tutakuja na radio, na kuni za moto wako tutazibeba sisi.

 Mungu ambaye Neno lake halidanganyi abariki parokia yetu, abariki majirani zetu, abariki midomo na masikio ya milima hii.

Yezu Kristu asifiwe. Milele na milele. Amina.